Goscinny na mawe ya Obélix: mabishano ya wapenda bede wa Lubumbashi

Ukitaka kusikia wapenda bede (hadithi za michoro, kwa Kifaransa bande dessinée) wa Lubumbashi wakipandishiana sauti, uliza swali moja tu: Astérix, ile bede ya kijiji cha Wagaulo kinachowashinda Warumi kwa dawa ya nguvu, ni ya nani, ya aliyechora au ya aliyeandika? Wengi watakujibu Uderzo kabla hujafunga mdomo. Na wana sababu ya kumpenda, maana mkono wa Albert Uderzo ni wa ajabu: askari wa Kirumi akipigwa ngumi na Obélix, lile jitu rafiki wa Astérix, viatu vinabaki chini, mwenyewe yuko hewani, na unacheka hata kabla hujasoma neno. Lakini mimi niko upande wa René Goscinny, mwandishi. Siwezi kunyamaza mtu anapomtaja kana kwamba alikuwa karani wa kujaza maneno kwenye viputo.

Sisi ni kundi dogo. Jumamosi mchana tunakutana Kamalondo, kwenye lupango (ua) ya mwenzetu, chini ya mwembe. Yupo mwalimu wa Kifaransa anayetoka Katuba, wapo wanafunzi wawili wa UNILU (Chuo Kikuu cha Lubumbashi), yupo papa mmoja (ndivyo tunavyomwita mzee) mstaafu wa Gécamines, kampuni ya serikali ya migodi, yupo kijana anayechora vibao vya maduka, na yupo mama anayeuza vitenge katika soko la Kenya (mtaa wa hapa Lubumbashi, si nchi), ambaye anasoma haraka kutushinda wote na hasamehe hadithi iliyoandikwa kwa uvivu. Vitabu tunaviazima kwenye kituo cha utamaduni cha Halle de l'Étoile, au tunavinunua kwa wauzaji wa vitabu vya zamani wanaotandaza chini kule mjini. Vingine ni urithi wa wazazi, vya tangu enzi za Union Minière, kampuni ya migodi ya wakoloni, havina jalada na kurasa za mwanzo zimeliwa na mchwa.

Nianze na mtu mwenyewe, kwa sababu hata kwetu wako waliosoma Lucky Luke, bede ya yule cowboy wa Marekani, utoto wao wote bila kulijua jina lake. Kosa si lao. Goscinny alizaliwa Paris tarehe 14 Agosti 1926, mtoto wa Wayahudi waliotoka Poland na Ukraine. Alikulia Buenos Aires, ambako baba yake, mhandisi wa kemia, alikuwa amepata kazi. Baba akafariki mwaka 1943, na kijana aliyekuwa akichekesha darasa zima akajikuta anatafuta mshahara. Huko Ulaya, ndugu wa mama yake waliuawa katika makambi ya Wanazi. Mwaka 1945 akahamia New York pamoja na mama yake, akahangaika sana, na katika kuhangaika huko akakutana na Morris, Mbelgiji aliyekuwa amembuni Lucky Luke mwaka 1946. Kuanzia 1955 akawa anamwandikia hadithi. Msomaji wa gazeti la Spirou aliliona jina la Morris peke yake.

Ndivyo mambo yalivyokuwa. Mwandishi wa bede alihesabiwa kama fundi wa pembeni. Mwaka 1956 Goscinny, Uderzo na Jean-Michel Charlier walijaribu kuwaunganisha waandishi na wachoraji wadai haki zao. Shirika lililokuwa linawapa kazi likamfukuza Goscinny, na wenzake hao wawili wakaondoka naye. Kutoka kwenye kufukuzwa huko ndiko kulikotokea, miaka mitatu baadaye, gazeti la Pilote, ambalo toleo lake la kwanza la tarehe 29 Oktoba 1959 lilikuwa na ukurasa wa kwanza wa Astérix. Goscinny aliliongoza gazeti hilo mpaka 1974. Leo ukishika kitabu ukakuta jina la mwandishi limekaa sambamba na la mchoraji, ujue kuna watu waliopoteza kazi ili jina hilo likae pale.

Sasa tuje kwenye kazi. Mwalimu wetu ana jaribio lake analolifanya kila mara mtu mpya anapojiunga. Anachukua karatasi nyeupe, anafunika viputo vyote vya ukurasa, anaacha picha tu, halafu anauliza: kunatokea nini hapa? Mgeni ataona vita, karamu, merikebu inazama. Atacheka kidogo. Karatasi ikiondolewa anagundua kwamba yule anayepigwa alikuwa, kurasa kumi nyuma, amejigamba kwa jambo ambalo sasa linamrudia usoni. Goscinny aliandika kila kisanduku kwa mashine ya chapa: nani yuko wapi, anafanya nini, anasema nini. Mchoraji alipokea hadithi iliyokwisha kukatwa vipande vyake tayari. Hata umbo la Astérix lilitokana na ubishi wa namna hiyo. Uderzo alitaka shujaa mkubwa mwenye misuli, Goscinny akataka mfupi mwenye akili, na Uderzo akapata jitu lake kwa njia nyingine, ndiyo maana tuna Obélix.

Au watazame akina Dalton, majambazi wanaofukuzwa na Lucky Luke. Morris alikuwa amewaua ndugu wale katika hadithi yake ya mwanzoni mwa miaka ya 1950, kwa sababu katika historia ya kweli ya Marekani wengi wao waliuawa. Goscinny akaona mali imetupwa. Akawaleta binamu zao: Joe, William, Jack na Averell, wamepangwa kama ngazi kwa urefu. Kisha akatoa kile ambacho picha haiwezi kutoa, yaani mfupi kuliko wote ndiye mwenye hasira kuliko wote, na mrefu kuliko wote anauliza tu chakula kitaliwa saa ngapi. Kwa mpango huo mmoja ameandika vitabu na vitabu, na bado tunacheka.

Lakini kitabu kilichotugawa vibaya ni La Zizanie, cha mwaka 1970. Kaisari amechoka na kile kijiji. Nguvu imeshindwa. Analetewa mtu mmoja, Tullius Détritus, ambaye kipaji chake ni kuwafanya watu wagombane kwa kuwapo tu. Alitupwa kwa simba, simba wakalana wao kwa wao. Détritus anafika kijijini na zawadi, chombo cha thamani, anamkabidhi Astérix mbele ya watu wote akisema ni kwa ajili ya mtu muhimu kuliko wote hapa. Basi. Hapo amekwisha maliza kazi. Chifu anaumia, mke wa chifu anaumia zaidi, na kufikia katikati ya kitabu kijiji kizima kinanong'ona kwamba Astérix amewauzia Warumi siri ya dawa ya nguvu. Viputo vya wanaogombana vinapakwa rangi ya kijani, na kijani hicho kinasambaa ukurasa hadi ukurasa.

Wanafunzi walikiona kitabu hiki ni cha kuchekesha na wakataka tuendelee na kingine. Yule mama wa vitenge akawazuia.

"Uyu hasemake bongo," alisema. "Anaulizaka paka. Bengine njo banamalizia." Yaani huyu hasemi uongo, anauliza tu, na wengine ndio wanaomalizia.

Ni kweli. Tulirudi nyuma tukamfuatilia Détritus kiputo kwa kiputo, na uongo wake ni mchache mno. Anauliza, anasifu, anaacha sentensi nusu njiani. Wanaomalizia ni wanakijiji. Kuandika fitina kwa namna hiyo, bila mchochezi kusema neno la kuchochea, ni ufundi ambao siujui kwa mwandishi mwingine wa bede. Mama yule hakuwa anazungumzia ufundi peke yake. Kwao ni Likasi. Mwaka 1992 na 1993 alikuwa binti mdogo, na aliwaona watu wa asili ya Kasai wakifukuzwa Katanga, majirani waliokuwa wakiombana chumvi jana wakipitana leo bila salamu, familia zikilala kituoni zikisubiri treni. Alituambia kwamba nyumbani kwao jambo lilianza kwa swali, lililoulizwa kwa sauti ya upole kabisa, kuhusu nani alipandishwa cheo kazini na kwa nini. Hatukucheka tena siku ile, na sidhani kwamba tuliisoma vibaya hadithi ya Goscinny. Mtu aliyetoka katika familia kama yake alijua majirani wanaweza kufanyana nini. Alichagua kuisimulia kwa kicheko, mwisho kijiji kinapatana na kinakula nguruwe pori, na hiyo ni haki yake.

Wapo kwetu wanaosema hadithi zake ni zile zile: Warumi, kipigo, karamu. Ninawajibu kwa Obélix et Compagnie, cha mwaka 1976, ambacho kwangu ni bora kuliko vyote alivyoandika, na ambacho kwa mtu wa mji huu kina uzito wa pekee.

Kinaanza kwa zawadi ya siku ya kuzaliwa: wanakijiji wanamwachia Obélix kikosi kizima cha Warumi akipige peke yake. Kaisari anapata ripoti, na kijana mmoja msomi wa uchumi, Caius Saugrenus, anamwambia kwamba dawa ya wale watu ni pesa. Saugrenus (Uderzo alimpa sura ya Jacques Chirac, aliyekuwa waziri mkuu wa Ufaransa wakati ule) anakwenda msituni, anakutana na Obélix amebeba jiwe lake mgongoni, anamuuliza bei. Obélix hajui bei ni nini. Mawe yale anayachonga kwa sababu anapenda kuyachonga. Msomi analinunua, na anasema atanunua jingine, na jingine, kwa bei ya juu zaidi. Obélix anaanza kufanya kazi usiku na mchana. Hana muda wa kuwinda, basi anaajiri mtu amwindie nguruwe. Anaajiri wengine wamsaidie kuchonga. Anavaa nguo za kitajiri zinazomkaa vibaya. Idéfix, mbwa wake, anamtazama tu. Wenzake wanamwonea wivu, nao wanaanza kuchonga, na kijiji kizima kinakuwa machimbo. Mawe yanasafirishwa Roma, na kule Saugrenus anatengeneza matangazo ili watu wayatamani. Wafanyabiashara wa Roma nao wanaanza kutoa mawe ya kwao. Serikali inayakataza, wanaoyachonga wanafunga barabara. Kisha soko linajaa, na siku moja mnunuzi anaacha kununua.

Papa wetu wa Gécamines alikisoma kitabu hiki nyumbani kwake wiki nzima. Alipokirudisha alikiweka juu ya meza na kusema: "Batoto, ile majiwe ni mukuba," yaani shaba.

Mwanafunzi mmoja akapinga, kwa heshima, na hoja yake ilikuwa nzuri. Papa, alisema, jiwe la Obélix halina kazi yoyote, na kichekesho chote kimejengwa juu ya hapo. Shaba inapitisha umeme, dunia nzima inaihitaji. Papa akamjibu kwamba matumizi ya shaba yeye hajawahi kuyaona. Alichokiona ni bei. Bei ilikuja kutoka mahali asipopajua, ikajenga shule, hospitali na nyumba za wafanyakazi. Ikaanguka katikati ya miaka ya 1970, wakati ule ule kitabu kikiandikwa, na nchi iliyokuwa imeegemea shaba ikayumba nayo. Gécamines ilisimama bado, ikatoa tani zaidi ya 400,000 kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980. Kisha mwaka 1990 mgodi wa Kamoto ukaporomoka, ikafuata misukosuko ya siasa, na kufikia 1994 uzalishaji ulikuwa chini ya tani 50,000. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaondoka katika mpango ulioitwa wa hiari, naye akiwa mmojawapo. Aliyasema hayo yote kwa utulivu, kidole kikiwa juu ya ukurasa ule ambapo mawe yamerundikana na hakuna mtu wa kuyachukua.

Mimi ninamwelewa mwanafunzi na ninakubaliana na papa. Goscinny hakuwa na Zaire kichwani, alikuwa anawacheka wachumi wa Paris. Lakini aliandika utaratibu wenyewe kwa usahihi kiasi kwamba mchimbaji wa Katanga anaujua akiuona. Tazama jambo dogo: Saugrenus hamdanganyi Obélix hata mara moja kuhusu fedha. Analipa alichoahidi. Ubaya uko kwamba mwenye kuijua sababu ya bei ni mmoja tu. Februari 2025, Kinshasa iliposimamisha usafirishaji wa kobalti kwa sababu bei ilikuwa imeanguka mno, tulikitoa kitabu kile tena, tukasoma kurasa za mwisho kwa sauti. Vijana wawili waliokuwa wakipita njiani wakasimama kusikiliza mpaka mwisho.

Kuna jambo la Baba, na siwezi kulipita. Baba ni yule mharamia mweusi anayekaa juu ya mlingoti, midomo mikubwa myekundu, anayezungumza bila herufi r. Wanaomtetea Goscinny husema kwamba maharamia wote wale ni mzaha uliochukuliwa kutoka Barbe-Rouge, bede ya maharamia ya Charlier na Hubinon, na kwamba katika Astérix kila taifa linachekwa: Waingereza na chai yao, Wakorsika na hasira zao, Waswisi na usafi wao. Ni kweli. Lakini Mwingereza anachekwa kwa tabia za nyumbani kwake, na Baba anachekwa kwa midomo yake. Katika merikebu hiyo hiyo, yule mzee mwenye mguu wa mti amepewa misemo ya Kilatini, na kila mara merikebu inapozama anatoa moja inayofaa kabisa. Mwandishi aliyempa mzee yule Kilatini alikuwa na uwezo wa kumpa Baba kitu cha thamani, hakumpa. Binti mmoja wa umri wa miaka tisa, anayekuja na baba yake, alituuliza kwa nini yule wa juu anaongea hivyo. Tulimwambia ukweli wote, kwamba waliotengeneza picha hiyo walikuwa wamezoea kutuchora hivyo, na kwamba si sawa. Akauliza kama anaweza kuendelea kusoma. Aliendelea.

Goscinny alifariki tarehe 5 Novemba 1977, ana umri wa miaka 51, akiwa kwa daktari anapimwa moyo. Astérix chez les Belges kilikuwa hakijamalizika kuchorwa. Ukikipata, angalia anga. Kuanzia pale Uderzo alipokuwa amefika siku ya msiba, mvua inaanza kunyesha na mawingu hayaondoki tena. Baada ya hapo Uderzo aliandika mwenyewe, kuanzia Le Grand Fossé cha 1980, na picha zake hazikupungua uzuri hata kidogo. Wanaosema aliyechora ndiye mwenye kazi, ninawaomba wasome vitabu hivyo mfululizo kisha tuzungumze.

Kwetu Kongo nako waandishi wa bede wamefichwa na wachoraji. Watu wanamjua Barly Baruti wa Kisangani, na wanastahili kumjua, lakini waulize nani aliandika hadithi ya Madame Livingstone, hawatakutajia Christophe Cassiau-Haurie. Achille Ngoye, aliyekuwa katika gazeti la Jeunes pour Jeunes la Kinshasa mwishoni mwa miaka ya 1960, anakumbukwa zaidi kwa riwaya zake za upelelezi. Na hapa Katanga tunaye Pie Tshibanda, mzaliwa wa Kolwezi, aliyeandika Alerte à Kamoto, na pia Les refoulés du Katanga juu ya kufukuzwa kule kule alikokuona mama wa vitenge. Nilipotaja majina ya vitabu hivyo, wanne kati yetu hawakuwa wamewahi kuyasikia, na wote ni watu wa Katanga.

Ndipo mama yule akasema kubishana kumetosha, tuandike. Kijana wa vibao akakubali kuchora chochote atakachopewa, kwa sharti kwamba kiandikwe kisanduku kwa kisanduku. Mama ndiye aliyeleta ukurasa wa kwanza, umeandikwa nyuma ya karatasi za hesabu za duka. Mteja anaingia, anashika kitenge, anakisifu, anauliza bei, anashtuka, anaondoka, anarudi. Yote hayo ameyaweka katika kisanduku kimoja.

"Mama, hii haichoreki," kijana alisema. "Mutu hawezi kushika na kushtuka na kuondoka mara moja. Nichore mikono ngapi?"

Tulikaa jioni nzima tukikata. Kushika peke yake, macho peke yake, bei katika kiputo kidogo sana pembeni kwa sababu mama anasema bei ya kwanza haitajwi kwa sauti. Mwalimu akafungua Le Domaine des dieux kutuonyesha jinsi Goscinny anavyomaliza ukurasa wa kulia: daima kuna mtu anayefungua mlango, au anayegeuka, au anayeanza sentensi. Pilote lilikuwa linatoka kila wiki na ilibidi msomaji arudi wiki inayofuata. Hapo ukazuka ubishi mwingine. Mwalimu alitaka mteja arudi katika kisanduku cha mwisho cha ukurasa huo huo, ili hadithi ipumzike. Mama akakataa kabisa: mteja akirudi hapo, msomaji hana haja ya kufungua upande wa pili. Arudi ukifungua, na akirudi asiwe peke yake, awe na dada yake.

Mama ameshinda. Kijana amechukua karatasi, ameomba aongezewe kisanduku kimoja kinachoonyesha mkono wa mteja ukikiachia kitenge, na mama amekubali, mradi ndani yake kusiwe na neno hata moja.